MTOTO HAZALIWI NA CHAMA

Tahariri

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila mwenye kuufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Mtoto wa miaka saba katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba aghalabu hawezi kueleza kazi ya Baraza la Wawakilishi, wala hajui sheria hutungwa vipi. Lakini muulize chama cha kwao ni kipi, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Rangi za bendera yake anazijua, na nyimbo zake amezihifadhi. Pia anajua duka lipi ni la "wenzetu" na lipi ni la "wale". Haya yote ameyapata kabla hajaijua vyema jadweli ya kuzidisha, na pengine kabla hajahitimu Juzuu Amma.

Basi na tujiulize: ni nani aliyemfundisha? Skuli haikumfundisha, kwani hajalifikia somo hilo. Chuoni hakufundishwa, kwani mitaala ya vyuo vyetu haina mlango huo. Jawabu tumepewa na Mtume (s.a.w.) katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayoeleza kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio wanaomgeuza kuelekea mila nyingine. Iwapo wazazi wanao uwezo wa kumgeuza mtoto katika jambo zito kama dini, itakuwaje wasiweze kumgeuza katika jambo jepesi kama chama? Mtoto hazaliwi na chama. Chama, na chuki inayofuatana nacho, huvikuta nyumbani.

Tahariri hii haikukusudiwa kukipigia debe chama chochote wala kukipiga vita. Tunalozungumzia ni amana, na amana hiyo ni nyoyo za watoto wetu.

WANAZUONI NA WATAFITI WAMESEMA NINI

Imam Al-Ghazali (r.a.), aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), ameeleza katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake, na kwamba moyo wake ni mfano wa johari safi ambayo haijachorwa, tayari kupokea kila mchoro. Karne nyingi baadaye wataalamu wa Magharibi walikwenda kuuliza watoto maswali wakakuta jambo linalokaribiana na hilo.

Mwaka 1958 mtafiti Fred Greenstein aliwahoji watoto wa miaka 9 hadi 13 katika mji wa New Haven nchini Marekani, na kitabu chake kikatoka mwaka 1965. Aligundua kwamba watoto wadogo hao walikuwa tayari wamekwisha kujihesabu kuwa watu wa chama hiki au kile, ilhali hawakuweza kueleza vyama hivyo vinatofautiana kwa lipi. Mapenzi yalitangulia, ujuzi ukafuata nyuma. Katika miaka hiyo hiyo ya sitini, Robert Hess na Judith Torney walikusanya majibu ya takriban watoto 12,000 wa madarasa ya chini, na wakaona kwamba mtoto huanza kumjua mtawala kama mtu, kwa kumfananisha na baba yake, kabla hajajua sheria na taasisi. Nao Kent Jennings na Richard Niemi, katika uchunguzi wa mwaka 1965 uliohusisha wanafunzi na wazazi wao, walibaini kwamba katika mambo yote ya siasa ambayo mtoto huyapokea kwa mzazi, lililoshika zaidi ni chama. Rai nyingine za mzazi hupotea njiani, lakini jina la chama hufika salama.

Uko uchunguzi mmoja zaidi ambao ni vyema tuuzingatie. Mwaka 1968 Dean Jaros na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya watoto wa milima ya Appalachia katika jimbo la Kentucky, sehemu iliyokuwa ya ufukara mkubwa. Watoto wa mijini walimwona Rais wao kuwa mtu mwema na mlinzi. Watoto wa milimani hawakumwona hivyo. Umri wao ulikuwa mmoja, nchi yao moja na bendera yao moja, lakini maisha hayakuwa mamoja. Mtoto anayeona nyumbani kwao dola haijaleta kheri hawezi kushawishika kwa kurasa mbili za kitabu cha skuli.

Hatukuzitaja tafiti hizi kwa kuwa dini yetu ina upungufu hata izihitaji. Tumezitaja kwa sababu wengi wetu hudhani siasa za mtoto huanza siku anapopata kitambulisho cha kupigia kura akiwa na miaka 18. Ukweli ni kwamba siku hiyo huwa anakwenda kuvuna kilichopandwa kwake miaka kumi kabla.

MILANGO MITATU

Tukiyakusanya hayo yote, tunaona kwamba mtoto huingiwa na siasa kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni sikio. Mtoto husikia mazungumzo ya barazani, maskani na kwenye mkeka wa chakula. Humsikia baba akimwita jirani kwa jina la kejeli kwa sababu ya chama chake, ilhali Allah (s.w.) ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya katika Suratul Hujurat (49:11). Mtoto hasikii hoja, kwani hoja ziko juu ya umri wake. Anachosikia ni sauti, na katika sauti huelewa nani wa kupendwa na nani wa kuchukiwa.

Mlango wa pili ni jicho. Mtoto huona sheha anavyomjibu mama yake anapokwenda kutaka barua. Huona askari anavyomsimamisha kaka yake njiani, na huona karani akimhudumia haraka mwenye jamaa mkubwa huku babu yake akiambiwa arudi kesho. Kila ofisi ya umma ni darasa la uraia, na kila mtumishi ni mwalimu, apende asipende.

Mlango wa tatu ni mkono, yaani yale mtoto anayozoezwa kuyatenda. Aliyezoezwa kuulizwa rai yake na kungojea zamu yake, akazoezwa pia kukiri kosa na kusamehe, atakuwa raia wa namna fulani. Aliyezoea kunyamaza kwa hofu na kupiga kelele anapopata nafasi atakuwa raia wa namna nyingine.

SOMO LA HISTORIA YETU WENYEWE

Hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Wazee wetu huuita wakati wa 1957 hadi 1963 "zama za siasa", na jina hilo pekee linatosha kuonyesha jinsi walivyochoka nalo. Katika zama hizo, kati ya wafuasi wa Hizbu, wa Afro-Shirazi na wa vyama vingine, watu walisusiana madukani, katika magari ya abiria, harusini na hata mazikoni. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatiwa na machafuko yaliyoua watu 68 hapa Unguja. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na ushindani wa vyama ukafungwa.

Kwa takriban miaka thelathini hapakuwa na chama cha upinzani, mkutano wa hadhara wa upinzani wala gazeti lake. Vyama vingi viliruhusiwa tena Julai 1992, na uchaguzi ukafanyika Oktoba 1995. Waliopiga kura wakiwa na umri wa miaka 25 hawakuwa wamezaliwa katika zama za siasa. Hata hivyo mgawanyiko ulirejea kwa sura ambayo wazee waliitambua mara moja. Pemba ilitoa viti vyake vyote 21 kwa chama kimoja, na urais wa Zanzibar ukaamuliwa kwa tofauti isiyofika nusu asilimia. Ilipofika hapo, kususiana nako kukarejea. Muislamu alipita kwenye duka la Muislamu mwenzake akaenda kununua chumvi mbali. Jirani alifiwa na jirani asitokee. Wako waliouhama msikiti kwa sababu ya imamu na chama chake.

Zipo sababu nyingi za hali ile, zikiwemo dhulma za kweli na manung'uniko ya kweli ambayo hatuyakanushi. Lakini tujiulize kwa uadilifu: miaka yote ile ambapo vyama havikuwepo, kumbukumbu ile ya "wao" na "sisi" ilihifadhiwa wapi? Ilihifadhiwa majumbani. Babu alimrithisha baba, baba akamrithisha mwana, kama anavyomrithisha shamba la mikarafuu. Januari 26 na 27, 2001 tulishuhudia mwisho wa njia hiyo, pale damu ya makumi ya watu ilipomwagika Unguja na Pemba na takriban watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Historia hiyo hiyo inatufunza pia kwamba hali inabadilika pindi watu wazima wanapobadilika. Novemba 2009 viongozi wawili waliokuwa mahasimu, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, walikaa pamoja na kupeana mikono. Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa, na zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao Zanzibar haikuwahi kuuona tangu vyama virudi. Watoto waliokuwa na miaka minane wakati ule waliona wazee wao wakisalimiana tena. Hilo lilikuwa somo la uraia kubwa kuliko kitabu chochote. Kwa masikitiko, kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015 na uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 kuliwafuta watoto wengi somo hilo, na hata umoja uliporejea Desemba 2020 imani haikurejea kwa kasi ile ile.

SKULI IMEFANYA NINI

Nchi yetu imejaribu kufundisha siasa kwa njia mbalimbali. Baada ya Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 liliwekwa somo la Siasa, na watoto wakaandikishwa katika Chipukizi. Lengo la somo lile lilikuwa kumjenga mwanachama. Baada ya 1992 somo lile liliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia, ambalo lengo lake lilitangazwa kuwa kumjenga raia. Upande wa Bara, mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Majina yamebadilika, lakini namna ya kufundisha aghalabu imebaki ile ile. Mwanafunzi huhifadhi mihimili mitatu ya dola na tarehe za sikukuu za taifa, huongeza maana ya rangi za bendera, kisha hutahiniwa akapata alama zake. Anajua kwamba raia ana haki ya kutoa maoni, lakini katika darasa hilo hilo akinyoosha mkono kumwuliza mwalimu kwa nini, huambiwa akae chini. Basi amefunzwa mambo mawili kwa wakati mmoja, moja ubaoni na jingine kwa vitendo, na la vitendo ndilo litakalobaki.

Hata huko Marekani, Kenneth Langton na Kent Jennings walionyesha mwaka 1968 kwamba kwa wanafunzi walio wengi masomo ya uraia ya sekondari yalileta athari ndogo mno. Walioathirika kwa uwazi walikuwa wanafunzi weusi, ambao mengi ya somo hilo yalikuwa mapya kwao. Funzo kwetu ni kwamba somo la uraia humnufaisha mtoto linapompa kitu ambacho hakukipata kwingine. Likirudia yale anayoyasikia kila siku redioni, humpita bila kumgusa.

Mwanazuoni wetu Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406 Miladia), ameandika katika Muqaddimah mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi. Anaeleza kwamba anayelelewa kwa mabavu hubanwa nafsi yake, uchangamfu wake ukaondoka, akazoea uvivu, uongo na hila, kwani huonyesha kisichokuwemo moyoni ili aiepuke adhabu. Hatimaye huwa hawezi kujitetea yeye wala watu wa nyumba yake. Walimu wenzetu wa vyuo na tuyazingatie maneno haya. Bakora inayopigwa kwa kila kosa humtoa chuoni mtu wa aina mbili: mnafiki mbele ya mkubwa na dhalimu juu ya mdogo. Hakuna taifa linalosimama juu ya watu wa aina hizo, wala ummah hausimami.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wapo ndugu wanaosema kwamba siasa ni uchafu, na mtoto aachwe na Qur'an yake. Tunawajibu kwamba mtoto hakuachwa. Maskani haikumwacha, na simu iliyomo mkononi mwa kaka yake haikumwacha pia. Ukinyamaza wewe mwenye elimu, unampisha mwingine azungumze. Na Qur'an hiyo hiyo anayoihifadhi imejaa mafunzo ya amana na hukumu kwa uadilifu (4:58), kushauriana (42:38), na kusimama upande wa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu (4:135). Mtoto anayehifadhi aya hizi bila kuoneshwa zinafanya kazi gani sokoni, barazani na ofisini, amebebeshwa ufunguo asiojua mlango wake.

Wapo wengine wenye ghera ya dini wanaosema kwamba elimu ya uraia ni jambo la wasiokuwa Waislamu, haifai kuingia madrasani. Hawa tunawakumbusha Hilful Fudhul. Makureshi walipokusanyika katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an wakaapa kumsaidia kila mwenye kudhulumiwa katika Makka, awe mwenyeji au mgeni, Mtume (s.a.w.) alikuwepo akiwa kijana, kabla ya kupewa Utume. Baada ya Uislamu aliusifu mkataba ule na akaeleza kwamba angeitwa kwenye mfano wake angeitikia. Walioufunga hawakuwa Waislamu. Kilichoufanya uwe mwema ni maudhui yake, yaani kuzuia dhulma. Kumfundisha mtoto katiba inampa haki gani na inamdai wajibu gani, na namna ya kudai haki bila kumwaga damu, hakumvui Uislamu wake.

Kundi la tatu ni la wazazi wanaohofia kwamba mtoto akifundishwa haki zake atakosa adabu. Wasome Sira. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake akiwepo kijana mdogo na kushotoni wakiwepo wazee. Sunna ni kuanzia kulia. Basi alimwomba kijana ruhusa awatangulize wazee. Kijana, kwa adabu, akakataa kulitoa fungu lake litokalo kwa Mtume, naye Mtume (s.a.w.) akamkabidhi chombo. Hakumkemea wala hakumwita mtovu wa adabu. Hapo mtoto alijifunza kwamba haki yake ni haki hata mbele ya wakubwa, na wakubwa walijifunza kuomba kabla ya kuchukua. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alimkalisha Ibn Abbas, angali kijana, pamoja na wazee wa Badr, na waliponung'unika akawadhihirishia elimu yake. Imesimuliwa pia kwamba Umar alipita njiani watoto wakakimbia, akabaki Abdullah bin Zubayr peke yake. Alipoulizwa sababu alieleza kwamba hakufanya kosa hata amwogope, wala njia haikuwa nyembamba hata ampishe. Vile ndivyo vizazi vilivyolelewa: havikuwa na ujeuri wala utumwa.

DENI LA LEO

Ndugu Waislamu, jambo hili halisubiri. Juni 25, 2024 vijana wa nchi jirani ya Kenya waliingia ndani ya Bunge lao kwa hasira ya Muswada wa Fedha, na wengi wakapoteza maisha. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, miji kadhaa ya Tanzania Bara iliingia katika maandamano na umwagaji damu, intaneti ikazimwa, na watu wa Dar es Salaam wakatangaziwa amri ya kutotoka nje usiku. Baada ya hapo kila mtu aliuliza ni nani aliyewaharibu vijana. Wachache ndio waliouliza vijana hao waliona nini walipokuwa na miaka saba, kumi na kumi na mbili. Waliona kura ikiheshimiwa au ikichezewa? Waliona mkosoaji akijibiwa kwa hoja au kwa rungu? Tusemayo si kuhalalisha uharibifu wa mali za watu wala kuhalalisha risasi. Tunasema kwamba mavuno yana msimu wa kupanda, na kwamba viongozi ni wapandaji kama walivyo wazazi.

Mtoto aliyekuwa na miaka 13 siku ile atatimiza miaka 18 utakapofika uchaguzi wa mwaka 2030. Leo yumo katika vyuo vyetu, anasoma mbele yetu. Basi tunapendekeza haya yafuatayo:

Kwanza, nyumbani. Baba na mama wazungumze siasa mbele ya watoto kwa hoja, bila matusi. Anayependa chama chake na akipende, lakini aseme mbele ya mwanawe jambo moja jema la upande wa pili na kosa moja la upande wake. Allah (s.w.) ametuamrisha kwamba chuki ya watu isitupelekee kuacha uadilifu (5:8). Mama hasa ndiye mwenye nafasi kubwa, kwani maneno ya kwanza mtoto huyasikia kwake. Darsa za akina mama zilichukue somo hili.

Pili, jirani. Akifiwa jirani wa chama kingine, mchukue mwanao mkono muende pamoja mazikoni. Akiumwa, nendeni mkamkague. Haki ya Muislamu juu ya Muislamu imetajwa na Mtume (s.a.w.) bila sharti la kadi. Mtoto aliyebeba udongo wa kaburi la jirani hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba watoto wa marehemu ni maadui zake.

Tatu, madrasani. Isiruhusiwe kabisa watoto wa chuo kupelekwa na sare zao kuimba qasida katika mikutano ya kampeni ya chama chochote, hata kama chama hicho ni cha mwalimu mkuu, na hata kama limeahidiwa bati la paa au mifuko ya saruji. Paa lililopatikana kwa kuuza nyoyo za watoto linavuja. Badala yake Suratul Hujurat ifundishwe kwa tafsiri kwa kila darasa linaloweza kuielewa. Kiongozi wa darasa achaguliwe kwa mashauriano ya wanafunzi, apewe muda maalumu, na akimaliza atoe hesabu ya kazi yake mbele ya wenzake. Hapo maana ya amana itaonekana kwa macho.

Nne, habari. Wafunzwe kuhakiki. Mtoto akileta habari ya simu chuoni, aulizwe: nani ameisema, ameiona mwenyewe, na wapo wengine walioithibitisha? Amri ya kupeleleza habari ya fasiki (49:6) inakihusu kila kiganja kilichoshika simu.

Tano, mimbari. Makhatibu wakemee dhulma kwa jina lake, itoke kwa yeyote, lakini wasiitumie mimbari kumnadi mgombea. Msikiti ukiwa wa chama, nusu ya waumini huporwa nyumba ya Mola wao.

Sita, skuli na serikali. Tunawaomba walimu wa Uraia, wengi wao wakiwa waumini wa misikiti hii, waruhusu maswali. Na tunawaambia watawala kwa nasaha ya dini kwamba hakuna somo la uraia litakalofaa kitu ikiwa yanayofundishwa darasani yanakanushwa na yanayotendeka kituoni. Abu Daud amepokea kwamba mwanamke alimwita mwanawe kwa kumuahidi kumpa kitu, na Mtume (s.a.w.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, alimweleza kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Ikiwa ahadi ya tende moja kwa mtoto ina hesabu mbele ya Allah, hesabu ya ahadi walizopewa watoto wa taifa zima itakuwaje?

HITIMISHO

Harakati zetu za kuirejesha dini katika usafi wake zimekuwa zikipinga kufuata kibubusa. Tumewasomea watu mara nyingi aya inayowalaumu wale ambao wakiitwa kwenye alichokiteremsha Allah husema wanafuata waliyowakuta nayo baba zao (2:170). Itakuwa ajabu tuwakataze watoto kuwaiga baba zao bila dalili katika ibada, kisha tuwaache wawaige bila dalili katika chuki. Kijana akikichagua chama cha baba yake baada ya kupima, hana lawama. Akikiacha kwa hoja, pia hana lawama, wala asitolewe nyumbani. Mwenye lawama ni anayechukia bila kujua sababu, na aliyemfundisha kuchukia hivyo.

Mtume (s.a.w.) alipowasikia Muhajiri na Ansari wakiitana kwa kabila zao ili wapigane, aliamuru wito huo uachwe, akaeleza kwamba unanuka. Na Uhajiri na Uansari ni sifa tukufu zilizotajwa katika Qur'an! Ikiwa sifa hizo zilinuka zilipotumiwa kuwagawa Waislamu, basi majina ya vyama vilivyoandikishwa juzi yatanuka zaidi.

Tunamuomba Allah (s.w.) azilinde nyoyo za watoto wetu na taasubi na hofu, awape viongozi wetu uadilifu, atupe sisi walezi subira na kauli njema, na aijaalie nchi hii na jirani zake kuwa mahali pa amani iliyojengwa juu ya haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.